Jinsi ya kuandika stori ya mapenzi na mashushushu kwenye jumba la Waingereza, Krismasi ya 1813

Watu wananiulizaga, hizi stori za zamani za Uingereza, zile za mabwana wenye vyeo na magauni ya kuburuza na shushushu anayenyata koridoni saa 8 usiku na mshumaa mkononi, unaziandikaje kwa Kiswahili wakati hata theluji hujawahi kuishika? Jibu langu huwa ni moja tu, tafuta barua. Sio barua ya mapenzi peke yake wala sio barua ya siri peke yake, barua moja ambayo ni vyote viwili, halafu uifuate hiyo barua mkono kwa mkono, nani kaiandika, nani kaigonga lakiri, nani kaibeba, nani kaifungua na hakutakiwa kuifungua. Wengi wanaanza na busu au wanaanza na bastola, ndo maana wakifika sehemu ya 4 wanaanza kuomba radhi kwamba wako bize na kazi. Hawako bize bana, wamekwama.

Ila kabla ya barua kuna tarehe. Usiandike "zamani sana huko Uingereza", msomaji hawezi kuingia kwenye nyumba isiyo na mwaka. Mi nachaguaga Krismasi ya 1813 na sijawahi kujuta. Wakati ule Napoleon, mtawala wa Ufaransa, ameshachapwa Leipzig huko Ujerumani mwezi wa 10, Wellington, jemadari wa Waingereza, ameshavuka kutoka Hispania yuko kusini mwa Ufaransa, kila mtu mezani anahisi vita inaisha ila hakuna anayejua ni lini wala itaishaje. Napoleon alikuja kuachia kiti Aprili 1814. Msomaji wako anaweza kuwa anajua, wahusika wako hawajui, na hiyo tofauti ni mtaji wa bure kabisa, yaani kila mtu akisema "mwakani" kuna kitu kinamgusa msomaji.

Halafu hali ya hewa, jamani hali ya hewa ya ile Krismasi ni kama imeandikwa na mtunzi. Tarehe 27 Desemba ukungu mzito ulishuka London na maeneo ya jirani ukakaa kama wiki nzima. Yule mtoto wa mfalme aliyekuwa anashika madaraka kwa sababu baba yake amerukwa na akili, alitoka na msafara wake kwenda kumtembelea Marquess wa Salisbury kwenye jumba la Hatfield, akafika Kentish Town tu, mpanda farasi mmoja wa msafara akatumbukia mtaroni, wakageuza kurudi mjini. Sasa kama kaimu mfalme kashindwa kufika kwenye mwaliko, wageni wako wataondokaje? Ukungu ulipoachia ikaja theluji, na mwanzoni mwa Februari mto Thames ukaganda mpaka watu wakaweka vibanda juu yake wakawa wanauza mikate ya tangawizi na pombe. Kwa hiyo huna haja ya kuvunja gurudumu la gari la farasi ili kuwafungia watu ndani, ile mbinu imechoka. Wewe walete wageni tarehe 24, wale, wacheze, wapange kuondoka tarehe 27 asubuhi, wafungue dirisha waone weupe mtupu.

Mahali pia usibahatishe. Jumba lako liweke Buckinghamshire, karibu na mji wa Aylesbury, kama kilomita 60 na kitu kutoka London. Kwa nini hapo? Kwa sababu jirani kuna jumba la kweli linaitwa Hartwell, na kuanzia 1809 mpaka 1814 lilikuwa limepangishwa kwa Louis wa 18, mfalme wa Ufaransa asiye na Ufaransa, na kundi lake la wakimbizi wa kifahari zaidi ya 100 wamebanana mule ndani hadi wengine wakawa wanafuga kuku na kulima mboga juu ya paa. Hebu fikiria hiyo picha, mtu ana cheo kirefu kuliko korido halafu asubuhi anapanda darini kuokota mayai. Usiweke stori yako ndani ya Hartwell yenyewe, utabanwa na historia. Weka jumba la kutunga jirani yake, halafu wale Wafaransa waje kula chakula cha jioni. Ghafla kila mtu mezani ana sababu ya kusikiliza.

Saa sasa. Hapa nilishaaibika mwenyewe. Stori yangu ya kwanza ya aina hii niliandika "ilipogonga saa 12 usiku alitoka chumbani", nilikuwa nasoma vitu vya Kiingereza nikasahau kubadilisha, wasomaji wakauliza saa 12 jioni mtu ananyata kwenda wapi wakati watu bado wanavaa kwa ajili ya chakula? Usiku wa manane ni saa 6. Chakula kikubwa cha jioni kwenye nyumba za wenye vyeo ni kama saa 12 jioni au saa 1 usiku. Na kitu ambacho sisi wa huku tunasahau kabisa, Desemba kule jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi na saa 10 jioni limeshazama. Yaani una kama masaa 16 ya giza kila siku, na giza ndo duka la shushushu.

Giza maana yake mishumaa, na mishumaa sio yote sawa. Wenye nyumba na wageni wanawashiwa ya nta, haitoi moshi mwingi, harufu yake tamu tamu. Watumishi wanatumia ya mafuta ya mnyama, ya kondoo au ya ng'ombe, na hiyo inanuka, ukipita nayo koridoni harufu ya mafuta inabaki nyuma yako. Umeona unachoweza kufanya hapo? Binti anafungua mlango wa chumba chake usiku, koridoni hakuna mtu, ila kuna harufu ya mafuta ya kondoo kwenye sakafu ya wageni ambako mtumishi hatakiwi kuwepo saa hizo. Au kinyume chake, kule chini kwa watumishi kunanukia nta. Sentensi moja hiyo inamfanyia msomaji kazi kuliko kurasa 3 za "alihisi kuna mtu anamfuatilia".

Haya, barua. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo roho ya stori.

Wakati ule barua haina bahasha, ni karatasi imekunjwa yenyewe kwa yenyewe, ikafungwa kwa lakiri, ikagongwa muhuri. Na anayelipa ni anayepokea, sio anayetuma, mambo ya stempu yalikuja 1840. Bei inakwenda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, ndo maana mtu akimaliza ukurasa anaugeuza ubavu anaandika tena juu ya maandishi ya kwanza, mistari inakatizana kama jamvi. Karani wa posta akiwa na wasiwasi ana haki ya kuinyanyua kwenye mwanga wa mshumaa ahesabu karatasi ni ngapi. Kwa hiyo ukitaka kuficha karatasi ndogo ndani ya barua, tayari una tatizo, na tatizo ndo stori.

Lakini wabunge na malodi hawalipi. Wana haki ya kutuma barua 10 kwa siku bure na kupokea 15, ila sharti, kuanzia 1784, mheshimiwa mwenyewe kwa mkono wake aandike nje jina, anuani yote na tarehe. Kila mgeni kwenye nyumba anamwomba mwenyeji "Lodi, nisaidie mkono wako hapa", ni kama siku hizi kuomba wifi ukifika kwa watu. Na kughushi huo mwandiko adhabu yake ni kupelekwa ng'ambo kwenye makoloni miaka 7.

Sasa mtazame stelingi wako wa kike. Tumwite Hester, Hester Marsh, ndugu masikini wa mwenye nyumba, zile nyumba zilikuwa na ndugu kama hao, sio mtumishi na sio mgeni, anakula mezani ila anatumwa. Mzee Lodi ana jongo, vidole vimevimba, hawezi kushika kalamu, na Hester ana mwandiko unaofanana na wake kwa sababu yeye ndo alimfundisha kuandika. Mzee anamwambia, mwanangu niandikie tu hizi za wageni, nani atajua. Kwa huruma tu Hester kashafanya kosa la jinai mara 40 kabla ya Krismasi. Halafu anafika mgeni, Kapteni fulani mwenye tabasamu la taratibu, ametumwa na Ofisi ya Wageni ya London, ile iliyoanzishwa 1793 kuchunguza watu wanaotoka Ufaransa, kwa sababu barua imenaswa inakwenda kwa adui na nje imeandikwa kwa mkono wa Lodi. Kaja kumkamata mwenye ule mwandiko, na mwenye ule mwandiko ndo anammiminia chai. Hapo sijatumia bastola hata moja.

Umeelewa nilichosema juu ya barua moja kuwa vyote viwili? Akimpenda anatakiwa amfiche, akimfisha anasaliti kazi, hapana nimekosea, akimficha anasaliti kazi. Ingawa na hilo la kumfisha ukitaka lipo, mi sio muumini wa stori za mapenzi zinazoishia makaburini kipindi cha sikukuu.

Hao wafunguaji wa barua walikuwepo kweli, usidhani natunga. Posta ya London ilikuwa na chumba cha siri cha kufungua barua za mabalozi na kitengo cha kufumbua maandishi ya mafumbo, na hicho kitengo kilikaa kwenye ukoo mmoja, ukoo wa Willes, kuanzia 1716. Edward Willes, wa kwanza wa ukoo huo kukishika, alikuwa mtu wa kanisa, akapanda mpaka kuwa askofu wa Bath na Wells huku bado anafumbua barua za watu, kazi akawarithisha wanae, ikaendelea hadi 1844 ilipofungwa. Kwa hiyo ukimweka mezani mchungaji mzee mpole anayependa sana mafumbo ya karatasi baada ya chakula, hujavuka mpaka wa ukweli hata kidogo. Mi huwa namweka, na huwa simtaji kazi yake mpaka katikati.

Kuhusu mafumbo yenyewe, usijifanye mtaalamu, utachosha watu. Chukua kitu kimoja cha kweli. Jeshi la Napoleon lilikuwa na fumbo kubwa la namba zinazofika 1400, George Scovell, ofisa wa Wellington, akalivunja 1812, na kilichomsaidia sana ni uvivu wa Wafaransa wenyewe, walikuwa wanaficha maneno machache tu mengine wanayaacha wazi, kwa hiyo ukisoma yaliyo wazi unakisia yaliyofichwa. Hiyo ni zawadi kwa mwandishi wa mapenzi! Kapteni anaandikiwa barua na Hester, nusu maneno ya kawaida kuhusu hali ya hewa na miguu ya mjomba, nusu vitu ambavyo binti wa heshima hawezi kuandika, na yeye anakisia yaliyofichwa kwa kusoma yaliyo wazi. Mapenzi yenyewe si ndo yalivyo.

Sikukuu nazo. Watu wanaharibu hapa kuliko popote. Mti wa Krismasi usiuweke sebuleni, Malkia Charlotte alikuwa ameweka mmoja Windsor 1800 lakini kwa Waingereza wa kawaida hata wenye pesa ulienea baada ya 1848. Kadi za Krismasi hakuna mpaka 1843. Zile fataki za karatasi za kuvutana mezani hakuna, ni za mwisho wa miaka ya 1840. Wimbo wa Usiku Mtakatifu ulitungwa Austria 1818, kwa hiyo usimwimbishe mtu 1813 hata kama umeupenda. Zawadi za lundo hazipo, tarehe 26 ndo watumishi na watu wa madukani wanapewa chochote.

Kilichopo ni majani mabichi ya holi na aivi yanayopambwa tarehe 24, gogo kubwa linaloingizwa motoni, bata bukini na nyama ya ng'ombe, pudingi ya zabibu, na michezo, michezo mingi mno. Kuna mmoja wanamimina brandi kwenye bakuli pana lenye zabibu kavu, wanawasha moto, wanazima mishumaa yote, halafu watu wanachopoa zabibu kwenye moto kwa vidole na kuzitupia mdomoni. Moto ni wa buluu, nyuso zote zinaonekana kama za maiti, watu wanapiga kelele na kucheka. Hakuna sehemu nzuri zaidi ya karatasi kuhama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na hakuna sehemu nzuri zaidi ya Hester kuona kwamba Kapteni pekee hatazami moto, anatazama mikono.

Halafu kuna ule mmea wa vijitunda vyeupe, misiltoo, wanaouning'iniza juu na watu wakikutana chini yake wanabusiana. Desturi yake ilikuwa na nguvu zaidi jikoni kwa watumishi kuliko sebuleni kwa mabwana, na kila busu moja mwanaume anachuma kitunda kimoja, vikiisha mabusu yameisha. Hiki kitu kina hesabu, na kitu chenye hesabu ni ushahidi. Naandika kipande uone ninavyokitumia:

Hester alishika mfuko wa posta kabla hajaona kwamba kuna mkono mwingine umeshaushika.

"Bi Marsh," Kapteni alisema kwa sauti ya chini. "Jikoni, saa 7 usiku?"

"Nimefuata maji ya moto."

"Maji ya moto hayakai kwenye mfuko wa barua."

Nyuma ya mlango vikasikika viatu vya mpishi. Hatua 3, labda 4. Kapteni hakumbusu. Alinyoosha mkono juu, akachuma kitunda kimoja cheupe, akakiweka kwenye kiganja cha Hester ambacho hakikuwa na glavu, akakifumba kile kiganja kidole kimoja kimoja.

"Hili ni deni," alisema. "Nitalidai mchana kweupe."

Mpishi alipoingia aliwakuta wamesimama mbalimbali kama watu wasiofahamiana. Hakusema kitu. Aliinua mshumaa juu, akahesabu. Jioni vilikuwa 11.

Basi. Hakuna busu, hakuna kifua kipana, hakuna "mwili ulimsisimka", lakini kesho yake mpishi anajua kuna watu walikuwa jikoni kwake usiku na hakuna mtumishi aliyebusiwa, na mpishi ana dada anayefanya kazi kwenye nyumba nyingine. Watumishi usiwafanye mapambo. Yule kijakazi wa kuwasha moto anaingia vyumbani kwa wageni kabla hawajaamka, anajua nani hajalala kitandani kwake. Mpambe wa bibi anajua barua ziko kwenye droo gani. Kuna kachero wa kweli, Comte d'Antraigues, Mfaransa aliyehangaika kuuza siri kwa nchi kadhaa miaka mingi, na Julai 1812 akauawa nyumbani kwake Barnes pamoja na mke wake aliyekuwa mwimbaji maarufu wa opera, aliyewaua ni mtumishi wao. Mtu kakwepa majeshi ya Ulaya nzima kaja kumalizwa na aliyekuwa anampa kofia mlangoni.

Adui ni nani? Usimfanye yule Mfaransa, tafadhali. Kila msomaji atamnyooshea kidole tangu sehemu ya 1. Mfaransa mweke, tena mweke ofisa mateka, walikuwepo wengi, wameapa kwa heshima yao hawatatoroka, wanaishi kwenye miji midogo wanaruhusiwa kutembea mwisho maili 1 nje ya mji, wanafundisha watu dansi na Kifaransa kupata hela ya kula. Kijiji chako nacho kimewekewa mateka wachache na jumba liko ndani ya ile maili, kwa hiyo anaalikwa. Mpe ucheshi, mpe huzuni, mpe kosa la kuvuka ile maili usiku mmoja kwa sababu ya mapenzi yake mwenyewe, msomaji akae anamshuku bure.

Adui wa kweli mfanye mtu wa hela. Habari za vita zilikuwa zinapandisha na kushusha bei za dhamana za serikali London, anayejua masaa 6 kabla ya wengine anatajirika. Na tarehe 21 Februari 1814 likatokea jambo lenyewe, mtu kavaa sare za ofisa akashukia Dover na habari kwamba Napoleon ameuawa, bei zikapaa, wenzake wakauza, jioni ikajulikana ni uongo. Mpaka mbunge na shujaa wa jeshi la majini, Lodi Cochrane, akahukumiwa kwenye hiyo kesi, ingawa yeye alikana maisha yake yote. Kwa hiyo mdogo wake mzee Lodi, yule mcheshi anayependwa na watoto, anayeomba kila siku "Hester mpenzi, nisaidie na hii moja", ana sababu inayoeleweka. Haichukii Uingereza. Ana madeni tu.

Tuje kwenye mapenzi yenyewe na lugha. Kiingereza hakina shikamoo, usimpe Lodi shikamoo, nimeshaiona hiyo nikafunga simu. Ila heshima yao ipo, imekaa kwenye majina. Binti ambaye hajaolewa ni Bi na jina la ukoo, Bi Marsh, mtumishi anamwita mwenye nyumba Bwana Mkubwa, na "mheshimiwa" mi naiepuka kwenye mazungumzo maana inaleta picha ya V8. Sasa ukishika hiyo sheria sehemu 9 mfululizo, halafu sehemu ya 10 Kapteni ametokea kwenye ukungu nywele zimelowa akasema "Hester" tu bila Bi, msomaji atatetemeka kuliko ungeandika chumba cha kulala. Hivyo hivyo glavu, hivyo hivyo dansi, kucheza na mtu mmoja zaidi ya mara 2 usiku mmoja ni kama umeshatangaza uchumba, na binti akikutwa na mwanaume chumba kimefungwa jina lake limekwisha hata kama walikuwa wanahesabu vijiko.

Neno mahari nalo liangalie. Kule hela inatoka kwa familia ya binti kwenda kwa mwanaume, na akishaolewa mali yake ya mkononi kisheria inakuwa ya mume. Ukiandika mahari bila kueleza, msomaji wako ataelewa kinyume na ataanza kumlaumu Kapteni kwa ubahili. Andika "fungu la binti" ueleze mara moja uendelee.

Na ndoa usiifanye ya haraka haraka siku ya mwisho, sheria ya 1753 itakuumbua. Lazima itangazwe kanisani Jumapili 3, hiyo wasomaji wetu wanaijua vizuri, au upate leseni, na ibada yenyewe ni kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana. Krismasi ya 1813 ilikuwa Jumamosi. Jumapili zako ni tarehe 26, tarehe 2 na tarehe 9, kwa hiyo hata wangetangazwa kesho yake ya Krismasi, wasingemaliza kabla ya tarehe 9 Januari. Kukimbilia Gretna Green, Skotlandi, ambako ile sheria haifiki, ni zaidi ya kilomita 400 kwenye theluji, sahau. Inabaki leseni maalumu ya Askofu Mkuu wa Canterbury, inayoruhusu kufungia ndoa popote na saa yoyote. Na nani mezani ana jamaa kwa maaskofu? Si yule mchungaji mpole wa mafumbo niliyekwambia.

Kufunga stori, tumia tarehe 6 Januari, sikukuu ya mwisho. Usiku wake au wa kuamkia wanakata keki kubwa, na wanachota vikaratasi kwenye kofia, kila mtu anapata mhusika, mfalme, malkia, mpumbavu, na haruhusiwi kumvua mpaka saa 6 usiku. Mashushushu wote wanalazimishwa kuigiza mbele ya watu! Hapo ndo mwachie mdogo wake Lodi achote karatasi, aifungue, akute sio mhusika, ni ile barua yake mwenyewe imekunjwa ndogo, na asiruhusiwe kubadilisha uso mpaka saa igonge.

Kuposti, mi naanza tarehe 24 Desemba namaliza 6 Januari, sehemu moja kila siku kwa tarehe ile ile, zinakuwa 14, kila moja maneno kama 900, na nazikata pale mlango unapofunguka, sio pale mtu anapozimia. Kabla sijaposti ya mwisho narudi nyuma nahesabu vitunda. Kama vilianza 11, Kapteni kachuma 1 bila kubusu, kijana wa farasi kabusu wapishi wasaidizi mara 4, na lile deni limelipwa mara 1 mchana kweupe mbele ya shangazi, basi dari la jikoni lina 5. Nikiandika 6, kuna mama mmoja huwa anasoma stori zangu kila mwaka, atanitumia meseji kabla hata ya saa 2 asubuhi.